Kijiti cha Sabini na Moja

Vijiti vile nilivikata mimi. Nasema hivyo mapema kwa sababu siku hizi watu wa shuleni husema vililetwa na semina, kana kwamba semina ina msumeno.

Mwalimu wa darasa la tano alikuja karakana kwangu Jumamosi moja asubuhi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, msemaji wa haraka, visigino vya viatu vimeliwa upande mmoja kwa kutembea. Alikuwa ametoka kwenye semina ya wiki nzima, na daftari lake lilikuwa limejaa. Alitaka vijiti sabini na moja, urefu wa kidole cha kati, vipigwe msasa visichome watoto.

"Vya nini, Mwalimu? Unafungua duka la aiskrimu?"

"Vya kuulizia maswali, Fundi."

Akaketi juu ya gogo akanieleza. Darasani alikuwa na watoto sabini na mmoja. Akiuliza swali, mikono inayonyooshwa ni ya walewale wanane wa mbele. Wengine wote wamekaa kama mizigo iliyosahauliwa stendi, wanangoja kengele. Sasa kila mtoto angeandikwa jina lake kwenye kijiti, na vijiti vyote vingetiwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Mwalimu anauliza swali, kisha ananyamaza na kuhesabu moyoni mpaka kumi. Ndipo kijiti kinachomolewa, jina linasomwa. Aliyejibu, kijiti chake kinarudi koponi, asije akasema zamu yangu imekwisha, akalala.

"Ukitaja jina kwanza halafu ndiyo uulize," alisema, "sabini wanasinzia na mmoja anatetemeka. Ukiuliza kwanza, wote wanafikiri. Hakuna anayejua zamu ni ya nani."

"Na asiyejua jibu?"

"Anamwuliza jirani yake. Dakika moja, wawili wawili, kwa kunong'ona. Halafu anasema walichopata. Nusu ya jibu ni nusu ya jibu, Fundi, si sifuri."

Niliweka msumeno chini. Mimi nilipokuwa mtoto nilikaa karibu na dirisha miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili mwalimu wetu hakuniuliza swali hata moja. Si kwamba alinichukia. Alikuwa hanioni. Siku niliyoacha kwenda hakuna aliyekuja kuniulizia. Kusoma nimejifunza nikiwa na miaka thelathini na mmoja, kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, vumbi la mbao likiwa bado nyweleni, na leo mimi ndiye ninayesoma kumbukumbu za mikutano kwenye kamati ya shule. Kwa hiyo nilipoelezwa habari ya kopo, nilielewa haraka kuliko alivyotarajia.

Nilimkatia vijiti siku hiyo hiyo. Ubao niliokuwa nao ulitoa sabini ukaisha. Cha sabini na moja nilikikata kwenye kipande cha mti mwekundu kilichobaki kwenye fremu ya mlango. Nikamwambia, "Hiki chekundu mpe mjukuu wangu."

Mjukuu wangu alikuwa darasani mwake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alikuwa na kigugumizi. Wenzake walimwita Cherehani, kwa sababu neno likianza kumkwama lilipiga *ta-ta-ta-ta* kama sindano juu ya kitambaa kizito. Nilikuwa namlea mimi. Mama yake, binti yangu, alifanya kazi ya kufua mashuka kwenye hospitali ya mji mwingine, akija mwisho wa mwezi.

Kulikuwa na jambo lililonisumbua, na Mwalimu alilijua. Mwalimu Mkuu alikuwa na chumba nyuma ya ofisi, zamani stoo ya madawati mabovu, ambamo aliwaweka watoto aliowaita wazito. Wenyewe walikiita Pembeni. Watoto wa Pembeni walichora, walifagia uwanja, walimwagilia maua, na mwisho wa mwaka hawakuhesabiwa kwenye wastani wa shule. Aliyeingia Pembeni sikupata kumwona ametoka. Mwalimu Mkuu alitaka mjukuu wangu ahamie huko. Mwalimu wa darasa la tano akaomba muhula mmoja.

"Muhula mmoja," Mwalimu Mkuu alimjibu. "Asimame mbele ya watu ajibu swali kama mtu. Akishindwa, aende Pembeni, na usinililie."

Basi tukaanza kazi, kila mtu kwa upande wake.

Upande wangu ulikuja kwa bahati. Jioni moja nilikuwa napiga randa ubao wa kabati, mtoto amekaa kwenye maranda akijisomea kitabu kwa sauti ndogo. Nikasikia anasoma bila kukwama. Nikaacha randa, naye akakwama. Nikaanza tena, naye akaendelea. Maneno yake yalikuwa yakipanda juu ya mapigo ya randa kama mtu anayepanda ngazi, mguu mmoja kila pigo. Kuanzia siku hiyo ikawa desturi yetu: mimi na randa, yeye na kitabu. Mbao nyingine nilizipiga randa hata zilipokuwa zimeshanyooka.

"Babu, u-utaumaliza huo ubao," alinicheka.

"Wewe soma, mzee mwenzangu. Ubao si wako."

Nikamweleza Mwalimu, naye hakuona ni mchezo. Kesho yake aliwatangazia watoto wote kwamba anayetaka kugonga dawati kwa kidole wakati wa kujibu, na agonge. Aliwatangazia wote ili isiwe ya mmoja. Katika wiki ya kwanza darasa zima lilikuwa likigonga kama mvua ya mawe juu ya bati. Wiki ya pili walichoka, wakabaki wanne au watano, na mjukuu wangu alikuwa mmoja kati ya watano, si kituko. Kisha Mwalimu akampa kazi ya kulinda kopo. Kila asubuhi alivimwaga vijiti mezani, akavihesabu, akavirudisha, na kusema, "Sabini na moja, Mwalimu." Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la kusimama mbele ya wenzake. Siku ya kwanza lilimchukua dakika nzima na Mwalimu alingoja dakika nzima, mikono nyuma, bila kumsaidia hata silabi. Baada ya mwezi alilisema kama mtu anayesema jina lake.

Mimi nilichangia pia vibao. Nilikata mabaki ya plaiwudi, nikayapaka rangi nyeusi, kimoja kwa watoto wawili, wawe wanaandika jibu kwa chaki na kuviinua wote kwa pamoja, Mwalimu aone kwa mara moja nani ameelewa na nani anafuata upepo. Madawati nayo yalihamishwa kila Jumatatu, wa nyuma wakaja mbele. Wazazi wa wale wanane walilalamika. Tukawasikiliza kwenye kamati, nikaandika malalamiko yao vizuri, na tukaendelea.

Halafu ikaja barua kwamba wakaguzi watakuja. Wamesikia habari za kopo, wanataka kuona.

Mjukuu wangu aliipokea habari hiyo kama harusi. Jioni zile alisoma mpaka mkono wangu wa randa ukawa unauma. "Babu," aliniambia, akigonga meza ya kazi kwa kidole, "na-naomba kitoke changu."

"Kitatoka tu. Kopo halina upendeleo."

Jioni ya kuamkia ukaguzi Mwalimu alikuja karakana. Mtoto alikuwa ametumwa dukani. Mwalimu hakukaa juu ya gogo. Alisimama, akawa anaokota maranda na kuyavunja vunja.

"Mwalimu Mkuu ameniita," alisema. "Hataki mambo ya kugonga dawati mbele ya wageni. Anasema mtoto asipoleta aibu kesho, atamwacha darasani, hatamgusa tena. Akiitwa akakwama, anakwenda Pembeni kesho hiyo hiyo."

"Lakini anaweza kujibu."

"Mbele yangu anaweza. Mbele ya tai tano, je? Na mimi, Fundi, wakiona mtoto amesimama anapiga ta-ta-ta, wataandika kwamba mbinu hizi ni mchezo. Nitarudishwa kwenye kuandika ubaoni na watoto kunakili. Wote sabini watarudi kulala."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kijiti chake kisiwemo. Kwa saa moja tu. Wageni wakiondoka kinarudi." Akanitazama. "Siwezi kukitoa bila wewe kujua. Ni mjukuu wako."

Nilijua neno la kumjibu. Lilikuwa limesimama mdomoni kama mgeni mlangoni, sikumkaribisha. Nilifikiri juu ya chumba cha Pembeni na ndoo za kumwagilia maua. Hiyo ndiyo sababu niliyojiambia. Lakini nilifikiri pia juu ya koti langu, ambalo lilikuwa limekwisha pigwa pasi, na kiti cha kamati nyuma ya darasa ambacho ningekalia, mimi fundi niliyejisomesha, na wanaume wenye tai wakigeuka kutazama ni babu wa nani huyu.

"Kitoe," nikasema.

"Mkono wangu hautaweza, Fundi."

"Basi nitakitoa mimi."

Asubuhi nilifika mapema, kisingizio kikiwa benchi la wageni lililokuwa likiyumba. Mtoto alimwaga vijiti mezani, akavihesabu, akavirudisha. "Sabini na moja, Mwalimu!" Alikuwa amesukwa nywele upya. Mwalimu akamtuma ofisini akalete chaki. Alipotoka, Mwalimu aligeukia ubao akaanza kuufuta, na ubao ulikuwa safi. Sikuhitaji kutafuta. Chekundu kilikuwa kimoja. Nikakitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Wageni walikuwa watano kweli, na wote walikuwa na tai. Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Somo lilikwenda vizuri mno. Mwalimu aliuliza, akanyamaza, akahesabu moyoni. Watoto walinong'onezana wawili wawili. Vibao vikapanda juu kama kundi la kunguru. Mjukuu wangu alikuwa mezani, akilitikisa kopo na kuchomoa kijiti kila alipoambiwa, na kila alipochomoa nilimwona akikitazama kabla ya kumkabidhi Mwalimu. Alikuwa anatafuta rangi. Hakusoma hata herufi. Aliitazama rangi tu, kisha akangoja kingine.

Vilitoka vijiti tisa. Swali la mwisho Mwalimu alikuwa ameliandaa wiki nzima kabla, kwa ajili ya nani najua mimi: ubao wa mita tatu umekatwa vipande vya robo mita, umetoa vipande vingapi? Aliliandaa kabla ya kuitwa ofisini, na nadhani hakuwa na moyo wa kulifuta. Akaliuliza. Kukawa kimya. Mkaguzi mkubwa akanyoosha mkono, akitabasamu.

"Samahani, Mwalimu. Huyu binti anayetuchagulia wenzake, je, na yeye jina lake limo?"

"Limo," Mwalimu alisema.

"Tangu asubuhi anawaita wengine tu. Mwanangu, majina yote yamo humo?"

Mtoto akagonga meza kwa kidole. "Yote yamo. Sabini na moja." Hakukwama. Mwalimu Mkuu, aliyekaa mbele yangu, aliutikisa mguu wake.

"Basi leo tukupe haki yako. Tafuta chako, ujibu wewe."

Alivimwaga mezani. Alifurahi, naapa, uso wake wote ulifunguka. Alivitandaza kwa kiganja, akatafuta chekundu. Akavitandaza tena. Kisha akaanza kuvigeuza kimoja kimoja, akiviweka kando, na darasa zima lilikuwa kimya, kimya kile kile cha kuhesabu mpaka kumi, ila sasa tulikwisha pita kumi, tulikwisha pita thelathini. Alichungulia ndani ya kopo. Akainama akatazama chini ya meza. Mtoto mmoja wa mbele akanong'ona, "Cherehani hana kijiti," na kicheko kikapita kama panya.

"Sabini," alisema mtoto, peke yake.

Akamtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama chaki mkononi mwake. Kisha akanitafuta mimi kule nyuma. Nami, mkono wangu ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye mfuko wa ndani wa koti, juu ya kijiti, kama mtu anayeshika kifua. Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema kimeanguka nikakiokota, hata huo uongo ungemfaa. Nilibaki nimekaa.

"Si neno, kitakuwa kimepotea," Mkaguzi alisema kwa upole. "Jibu tu bila kijiti. Vipande vingapi?"

Robo mita na robo mita mtoto yule alizipima na mimi tangu hajaota meno ya pili. Kumi na mbili angeijua akiwa usingizini. Aliinua kidole juu ya meza. Kikabaki hewani. Akamtazama Mwalimu Mkuu, akanitazama mimi, akatazama vijiti vya wenzake vilivyotawanyika. Kisha akakishusha kidole taratibu, bila kugonga.

"Sijui," alisema. Neno lilitoka safi, bila mkwaruzo.

"Vyema. Kaa, mwanangu."

Mwalimu Mkuu aliacha kuutikisa mguu.

Ripoti ilikuwa nzuri. Niliisoma mwenyewe mbele ya kamati, kwa sauti, kila nukta. Ilisema mbinu hizi zinamfikia kila mwanafunzi bila kumwacha yeyote nyuma. Mwalimu Mkuu alitimiza ahadi yake. Mtoto alibaki darasa la tano, na hakuna aliyetaja tena Pembeni.

Siku ile ya ukaguzi mtoto alitangulia nyumbani. Nilipofika alinipokea koti kama kawaida yake, akalitundika. Sikumwambia kitu na yeye hakuniuliza kitu. Asubuhi nilipoingia karakana nilikikuta kijiti chekundu kimelazwa juu ya randa, sawasawa katikati, kama kipimo. Nilikipeleka shuleni mwenyewe nikamkabidhi Mwalimu, naye akakitia koponi bila kunitazama.

Miezi miwili baadaye Mwalimu alipewa kazi ya kuzunguka kuwafundisha walimu wa shule nyingine nane. Alikuja kuniaga na kuagiza vijiti, mafungu mengi, ya darasa zima zima. Safari hii alikaa juu ya gogo.

"Kikitoka kijiti chake anasema 'sijui'," aliniambia. "Namngoja. Nahesabu mpaka ishirini, Fundi, si kumi tena. Nimempa jirani wa kunong'ona naye. Nimempa kibao aandike, anakirudisha kitupu. Juzi nimemwuliza leo ni siku gani. Sijui."

"Anakwama?"

"Hakwami hata kidogo. Darasani sasa wamesahau kwamba ana kigugumizi."

"Na kopo?"

"Amesema apewe mwingine."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kwamba wakati mwingine anayeficha ni mmoja na anayeumbuliwa ni mwingine. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikamwuliza tu vijiti anavitaka lini.

Nilivikata kwa wiki mbili. Mjukuu wangu alinisaidia kupiga msasa na kufunga mafungu kwa uzi, kila fungu na karatasi yenye idadi ya darasa: sitini na nane, sabini na tano, themanini na mbili. Alifanya kazi vizuri, bila neno. Kitabu hakukileta karakana. Mimi niliendelea kupiga randa kwa mapigo yale ya zamani na kukiacha kimya kivae sauti ya randa peke yake.

Siku ya kuvipeleka nikahesabu fungu la kwanza, kwa sababu fundi hahesabiwi na mtu mwingine. Sitini na saba. Nikahesabu la pili. Sabini na nne. La tatu, themanini na moja. Niliyafungua yote pale mezani, na kila fungu lilipungua kijiti kimoja. Kwenye kona, juu ya kitambaa, vilikuwepo vilivyobaki, vimepigwa msasa vizuri kuliko vyote.

"Umekosea hesabu, mzee mwenzangu," nikamwambia. Nilijaribu kucheka.

Alikuwa akifagia maranda. Hakuinua kichwa. Kidole chake kiligonga mpini wa ufagio mara moja, mara mbili.

"Si mtakitoa, Babu?" alisema. "Nimewapunguzia kazi."

Nilivirudisha vijiti kwenye mafungu yake, kimoja kimoja, nikayafunga upya. Kisha nikaweka ubao kwenye meza ya kazi, ubao ambao haukuhitaji chochote, nikaanza kupiga randa polepole. Nikamngoja aseme. Nikahesabu moyoni mpaka kumi. Nikahesabu tena. Nilisikia ufagio ukitoka nje, ukifagia uwanja.